Usikate chemko

Wimbo wa muziki wa dansi ukikatwa dakika ya tatu unabaki na maneno peke yake. Ndivyo zilivyo miksi nyingi za zilipendwa zinazojazwa kwenye flashi: beti mbili, kiitikio, kisha wimbo mwingine unaingia kabla magitaa hayajaanza kazi. Kijana anayezisikia ndani ya daladala anashuka Mwenge au Mbagala akiamini kwamba zilipendwa ni muziki wa polepole, wa kuonya na kusikitika tu. Nusu ya wimbo haijamfikia.

Nyimbo nyingi za bendi za Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980 zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwimbaji: mwendo wa rumba, beti, kiitikio, na tarumbeta zikijibizana na midomo ya bata, yaani saksofoni, kati ya mstari na mstari. Ya pili ni chemko. Hapo dramu inafunguka, maneno yanapungua hadi kubaki machache yanayorudiwa, na magitaa yanauchukua wimbo. Rekodi kamili ya dakika 6 hadi 8 ni jambo la kawaida, na chemko mara nyingi linaanza dakika ya tatu au ya nne. Anayekata dakika ya tatu anakata mlangoni kabisa.

Mlango huo una dalili zake, na ukizijua hutaupita tena bila kuusikia. Mara nyingi vyombo vya kupuliza vinapiga kipande kimoja kwa pamoja kisha vinanyamaza, au gitaa la solo linabaki peke yake kwa muda mfupi sana. Halafu gitaa la ridhimu linaacha kushika kodi ndefu (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na kuanza kuzungusha kipande kifupi kisichobadilika. Ukisikia mzunguko huo mfupi umeanza, acha kila unachofanya. Kuanzia hapo mpaka mwisho ndipo bendi inapoonyesha ilichofanyia mazoezi.

Wengi wanaosema "gitaa limelia" wanasikia gitaa moja. Kwa kawaida yapo manne, ukihesabu na besi: solo, sekondi solo, ridhimu na besi. Njia nzuri ya kuyatenganisha ni kusikiliza chemko moja mara nne, kila safari ukifuata chombo kimoja tu. Anza na besi, kwa sababu ndiyo inayopotea haraka. Besi ya dansi haitembei mfululizo. Inapiga noti mbili tatu, inaacha nafasi, inarudi. Nafasi ile ndiyo inayomfanya mchezaji ainue bega. Safari ya pili fuata ridhimu, ambayo ni ngumu kuipenda mwanzoni kwa kuwa haibadiliki, lakini ikiteleza mara moja tu wimbo wote unayumba. Safari ya tatu fuata sekondi solo: iko katikati, inajaza pale solo inapopumua, na mara nyingine inapiga kipande kile kile cha solo kwa sauti ya pili. Solo iache ya mwisho. Utaona haichezi ovyo: inashika kipande kifupi, inakirudia mara nne au nane, kisha inakigeuza kidogo na kukirudia tena. Ukianza kuhesabu marudio hayo utaweza kubashiri mgeuko kabla haujafika, na raha ya chemko iko hapo.

Kuna zoezi jingine la kofi. Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo sawa, bila kupumzika, na piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Huo ni mpigo wa Kuba, uliofika pwani yetu kwa santuri kabla ya uhuru na kukaa ndani ya rumba ya huku. Jaribu kuupiga juu ya nyimbo za polepole za bendi za zamani. Katika nyingi utaingia bila kulazimisha, hata pale ambapo hakuna mpigaji anayeupiga waziwazi. Ukiona kofi zako zinagombana na wimbo, usiongeze nguvu. Anza na zile mbili za mwisho, 11 na 13, kisha zile tatu, kwa sababu nyimbo nyingine zimegeuza pande.

Sasa, hayo yote hayawezekani kwenye spika ya simu. Waya mzito wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wa gitaa la kawaida hezi 82. Spika ya simu haifiki huko chini hata kidogo, kwa hiyo kinachosikika ni kivuli cha besi. Sabufa za majumbani zina tatizo la upande wa pili: zinavimbisha eneo la chini mpaka noti za besi zinakuwa mshindo mmoja, na ridhimu inazama. Dawa ni rahisi. Punguza kitufe cha sabufa mpaka uweze kuimba mstari wa besi kwa mdomo, noti kwa noti. Ukiweza kuimba, hapo panatosha. Pia isogeze kutoka kwenye kona ya chumba, maana kona inaongeza mvumo. Hata nusu mita inaleta tofauti. Kwa zoezi la magitaa manne, hedifoni za waya za bei ya kawaida zinashinda spika nyingi za Bluetooth zenye kelele nyingi.

Rekodi yenyewe umeipata wapi? Hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa kuwa wimbo mmoja unaweza kuwa na maumbo mawili. Kwa miaka mingi studio iliyotegemewa na bendi hapa mjini ilikuwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na huko wimbo ulirekodiwa kwenye mkanda mkubwa, mzima, kwa ajili ya kurushwa hewani. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika inabeba dakika 3 au 4 hivi kila upande bila sauti kudhoofika, kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande A beti, upande B chemko. Anayenakili santuri kwa haraka ananakili upande A na kuondoka. Faili nyingi zinazozunguka kwenye simu zimezaliwa hivyo, na ndiyo maana zinafifia ghafla dakika ya tatu na nusu.

Ukiwa na pande zote mbili unaweza kuziunga. Kwenye programu ya bure ya kuhariri sauti kama Audacity, weka upande A juu na upande B chini. Mara nyingi mwisho wa A unafifia na mwanzo wa B unaingia juu ya muziki ambao tayari unaendelea. Tafuta pigo moja la tumba linalosikika pande zote na ulilinganishe. Usiunge katikati ya neno la mwimbaji. Ukikosa pigo linalolingana, acha pengo la sekunde moja na uache pande mbili zibaki mbili. Kuunga kwa kulazimisha kunaharibu mwendo, na sikio la mchezaji linagundua mara moja.

Chanzo kingine ni kaseti za majumbani, zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka redioni na watu waliokaa na kidole juu ya kitufe. Zina mtangazaji juu ya utangulizi, zina mlio wa saa, lakini zina chemko lote. Kama kabatini kwenu kuna kaseti za namna hiyo, zinakuhusu kuliko chochote kinachopatikana mtandaoni.

Usiitumbukize kaseti kwenye redio ukabonyeza tu. Iangalie kwanza dirishani pake. Unga mweupe ukingoni mwa mkanda ni ukungu, na unyevu wa Dar es Salaam unaupenda sana. Kaseti hiyo usiipitishe kwenye mashine nzuri, itachafua hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na kuambukiza kaseti nyingine. Kisha tazama kipande kidogo cha sponji chini ya mkanda, katikati ya uwazi. Kazi yake ni kuubana mkanda kwenye hedi. Gundi yake inakauka, sponji inadondoka, na sauti inakuwa ya mbali, inapanda na kushuka. Watu wanatupa kaseti hapo wakidhani mkanda umekufa. Kaseti yenye skrubu tano inafunguka: hamisha mapipa yote mawili yenye mkanda kwenda kwenye gamba zima la kaseti nyingine, ukiangalia mkanda upite juu ya vibiringisho vyake vyote vya pembeni kabla ya kufunga. Kaseti iliyogandishwa bila skrubu inahitaji kupasuliwa ukingoni kwa kisu chembamba, polepole, na mkono uliotulia.

Kabla ya kucheza, peleka mkanda mbele mpaka mwisho na uurudishe wote. Tabaka zilizolala pamoja miaka thelathini zimeshikamana, na zikivutwa kwa mwendo wa kucheza zinakwama na kuyumbisha sauti. Kaseti ya dakika 60 inavumilia vizuri. Ya 90 ina mkanda mwembamba zaidi, nenda nayo taratibu. Ya 120 ni nyembamba sana na inapenda kuliwa na mashine. Vunja vile vidirisha viwili vidogo vya plastiki nyuma ya kaseti ili asije mtu akarekodi juu yake.

Mashine nayo ina mahitaji yake. Safisha hedi na gurudumu la mpira kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na uache ikauke dakika chache. Spiriti yenye rangi inaacha utando. Kama sauti inazungukazunguka kama mtu aliyelewa, lawama mara nyingi iko kwenye belti: mpira unalegea, na katika mashine za zamani unayeyuka kuwa lami. Fundi wa redio anaweza kuibadilisha. Mpelekee belti ya zamani, hata kama imekatika, apate kipimo.

Halafu kuna ile skrubu ndogo pembeni ya hedi. Inasimamisha hedi wima dhidi ya mkanda. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine ilirekodiwa na hedi iliyoinama kidogo tofauti, na matokeo yake ni sauti iliyofunikwa blanketi: matoazi hayapo, herufi "s" hazipo. Chukua bisibisi ndogo, cheza sehemu yenye matoazi, weka usikilizaji wa mono, na uzungushe skrubu kidogo kidogo, kwa jumla isizidi robo mzunguko, mpaka sauti za juu ziwe angavu kupita zote. Alama ya mwanzo iweke kwa kalamu ili uweze kurudi. Kazi hii ya dakika mbili inaokoa sauti ambayo hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha baadaye.

Kurekodi kwenyewe ni waya tu kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda kwenye kompyuta, lakini liwe tundu la kuingizia sauti, si la maikrofoni. Tundu la maikrofoni linapokea nguvu ndogo sana, na likipewa redio linachana sauti. Kompyuta nyingi ndogo hazina tundu hilo siku hizi, hivyo tafuta kifaa kidogo cha USB chenye matundu ya kuingiza sauti stirio. Weka sauti ya redio katikati na uhakikishe vilele kwenye programu havipiti desibeli 6 chini ya sifuri. Sauti iliyogonga sifuri imekatwa kichwa, na kukatwa huko hakurekebishiki. Rekodi WAV, biti 24, hezi 48,000. Saa moja inakula takribani gigabaiti moja. Nakala ya kusikiliza iwe MP3 ya kbps 320, karibu megabaiti 2.4 kwa dakika. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, mtumie kama hati.

Kama unasikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo unakufa palepale, kwa sababu ulitoka kwenye mzunguko wa umeme kati ya vyombo viwili. Hapa nasisitiza: usikimbilie kuuondoa kwa programu. Umeme wetu unavuma kwa hezi 50, na noti ya G ya chini kwenye gitaa la besi ni hezi 49. Ukifuta eneo lile kwa upana, umemnyang'anya mpiga besi noti yake, na utashangaa kwa nini wimbo hauna miguu. Hali ni hiyo hiyo kwa kelele ya mkanda, ule mlio wa "shhh". Inakaa mahali pamoja na matoazi. Ukiifuta yote unabaki na sauti ya maji yanayobubujika. Punguza kidogo, au iache. Sikio linaizoea baada ya dakika moja, lakini halizoei matoazi yaliyokufa.

Mwendo nao uuangalie. Redio inayokimbia kwa asilimia 6 inapandisha wimbo kwa nusu toni, na mwimbaji mwenye sauti nzito anageuka kijana. Usiamini kipima toni peke yake, maana bendi hazikufunga magitaa yao sawasawa siku zote. Linganisha na nakala nyingine ya wimbo huo huo, au na sauti ya mwimbaji yule yule kwenye rekodi unayoiamini.

Kwa kusikiliza, nyimbo zinazozunguka zaidi kwangu wiki hizi ni za Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, kama mtindo wao unavyoitwa. Bendi ilianza 1978, ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, 1983, na ndani yake alikuwemo Michael Enoch, aliyekuwa mcharaza gitaa wa Dar es Salaam Jazz na baadaye akashika mdomo wa bata na upangaji wa muziki. Sikiliza jinsi vipulizo vyao visivyompanda mwimbaji: vinasubiri amalize mstari, vinajibu kwa kifupi, vinatoka. Katika bendi nyingine vinazungumza wote kwa mpigo. Kwa usafi wa mpangilio, hawa ndio ninaowaweka mbele, na najua upande wa Msondo, bendi ya wafanyakazi inayoshindana nao, hautakubali.

Na Msondo wana hoja. Ridhimu yao ni nzito zaidi, ngoma iko karibu na ardhi, na solo ya Saidi Mabera haina haraka. Anaweza kukaa kwenye kipande kimoja muda mrefu kuliko mpigaji mwingine yeyote angethubutu, kisha akibadilisha noti moja tu ukumbi wote unageuka. Kwa zoezi la kuhesabu marudio, anza naye.

Ukitaka vipulizo vinene, nenda kwa Orchestra Maquis, waliotoka Zaire na kuweka makao hapa mjini. Ukitaka gitaa linalometa, mtafute Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12: kila noti inasikika kama mbili zilizoshikana mikono, na ndiyo maana hahitaji kupiga nyingi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, ni wa Morogoro, si wa hapa, lakini hakuna somo la solo linalokamilika bila yeye. Kwake solo inaendeleza maneno ya mwimbaji, na mwimbaji ni yeye mwenyewe.

Majina ya bendi yanasaidia kujua umri wa rekodi, na hapa makosa ni mengi mno. Bendi ya wafanyakazi iliitwa NUTA Jazz tangu 1964, ikawa JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa OTTU Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ni Msondo Ngoma. Faili iliyoandikwa "OTTU 1980" ina jina au mwaka usio sahihi. Iliyoandikwa "Sikinde 1974" haiwezekani kabisa, bendi haikuwepo. Waimbaji nao walihama: Muhiddin Gurumo na Hassani Bitchuka wamesikika pande zote mbili za ushindani huu, kwa hiyo sauti pekee si ushahidi wa bendi. Sikiliza ridhimu na vipulizo kwanza, sauti baadaye.

Kwa sababu hiyo kila faili unayoihifadhi iandike kikamilifu: jina la bendi kama lilivyokuwa wakati huo, mtindo, waimbaji kama unawajua kwa hakika, chanzo kama ni kaseti ya redioni au santuri na upande gani, na urefu wake kwa dakika na sekunde. Usichokijua kiache wazi, usikibuni. Halafu ongeza neno moja mwishoni: "kamili" kama chemko limefika mwisho wake, au "limekatwa" kama halikufika, ili atakayeipokea baada yako ajue kama aendelee kutafuta.